Flash Chafu za Jabe

Kabla ya kuchomeka flash ya mtu yeyote, Zayd huishika kwa ncha za kucha kama anayeokota mende. Huipangusa kwa pamba yenye spiriti, akaitazama pamba ilivyogeuka nyeusi, akaitupa huku amekunja uso. Ndivyo anavyoshinda katika chumba chake cha kunakilia mafaili, nyuma ya soko la Jabe. Watu huzitoa mfukoni pamoja na magamba ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, na wengine huzitoa kwenye sidiria zikiwa bado na jasho.

"Mutu anaoga," husema, "flash yake haiogi."

Joëlla, mwanafunzi wa chuo kikuu anayekaa mtaa wa Gihosha, alipomkabidhi yake hakuonea haya uchafu wa nje. Kilichomtia kinyaa ni mkono uliokuwa umeingia ndani. Humo alikuwa ameweka, kwa ajili ya mémoire yake, tasnifu ya kumalizia chuo, sauti za wanawake waliomsimulia wanavyopigwa na waume zao. Alikuwa amewaahidi kwamba hakuna mtu mwingine atakayezisikia.

Jana yake alikwenda kuchapisha sura moja kwa Prodige, mwenye sekretariati, kibanda cha kuchapisha karatasi, mtaani kwao. Prodige akafungua sauti asiyotumwa, akaikuza. Mama mmoja akaangua kilio ndani ya spika, na vijana waliokuwa wakisubiri wakacheka. "Rudisha nyuma kidogo, bosi, hapo anapolia!" mmoja akasema. Joëlla aliichomoa flash akaondoka bila kuaga. Alipoifungua nyumbani, folda zote zilikuwa zimegeuka vialama vitupu visivyofunguka.

"Ni virusi ya mashine yake," Zayd alisema baada ya kusikia yote. "Watu kama yeye wanashika klavye ya mashine na mafuta ya brochette za nyama, macho yao yako kwa siri za watu. Astaghfirullah! Mi hata mukono wao sipendi kuushika."

Mashine ya Zayd ni ya Linux, na virusi vya Windows haviamki humo. Hakugusa kipanya. Aliandika amri fupi, na kwenye kioo cheusi yakatokea majina ya folda za Joëlla, yote. Virusi vilikuwa vimezificha tu.

"We dada, pumua," Zayd akamwambia. "Ziko."

Akaandika amri ya kunakili, cp -r, na majina ya folda zake, ya wale akina mama ikiwa ya kwanza. "Bila hii -r inaniachia folda nyuma. Na nimetaja zako tu. Uchafu wa yule Prodige ubaki kule kule."

Sauti zikaingia kwenye mashine yake, kisha zikatoka kwenda kwenye flash mpya. Laptop aliyokuja nayo Joëlla ilikuwa ya Windows, na huko cp haijulikani. Zayd akafungua dirisha jeusi la huko, akaandika xcopy /s, amri ya huko ya kunakili, zikapita kutoka flash mpya hadi kwenye laptop. Alilinganisha ukubwa wa folda, asifungue sauti hata moja. Flash ya zamani akaivunja kwa koleo.

Joëlla alifunga begi, akasimama mlangoni. Mtu huyu alikuwa amemsaidia, na aliyoyasema juu ya Prodige ndiyo aliyokuwa akiyafikiri Joëlla mwenyewe. Lakini sauti zilikuwa zimepitia wapi?

"Kaka Zayd," alisema polepole, "kopi imebaki kwako?"

"Ndiyo, zote ziko humu. Kaa hapa uzifute mwenyewe, mi natoka inje."