Pipa la Mama Shimwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Félicité Nyirabahizi anapandisha bidoni ya saba ya maji. Ni ya lita ishirini, iko kichwani, kutoka bomba la chini hadi shule moja ya msingi ya mtaa wa Mulongwe anakofagia. Zimebaki tano ndipo pipa la kunywa na kunawa lijae, kabla wanafunzi hawajaingia.

Bomba la shule limekauka tangu mto ulipofurika. Mto uko karibu, tena karibu mno.

Mwaka juzi malaria ilimlaza siku mbili, hakuchota. Pipa likawa tupu. Watoto wenye kiu wakashuka mtoni kunywa, na Shimwa, binti yake wa darasa la tatu, akiwa kati yao. Kipindupindu kilimchukua kwa siku moja.

"Miye nilikuwa nalala, pipa iko tupu," anasema. "Ile inanikula mpaka leo." Anajilaumu, na hakuna aliyeweza kumtoa katika lawama hiyo.

Basi mtu wa namna hiyo, mwoneshe mwalimu anayeosha pikipiki kwa maji ya pipa. Mwalimu Sévère wa darasa la sita alifanya hivyo kila Ijumaa, wanafunzi wake wakimshikia ndoo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Félicité alimfuata kwanza pembeni, mara mbili, kwa heshima. Mwalimu akacheka tu. Ijumaa iliyopita uvumilivu ukamshinda mama wa watu, akamnyang'anya ndoo mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, hii maji ni ya watoto. Pikipiki haiko na kiu."

Wanafunzi wakaangua kicheko, na hapo ndipo kesi ilipozaliwa. Direkta, mkuu wa shule, amempa barua: Jumatatu, kwenye saluti ya bendera, amwombe mwalimu msamaha mbele ya shule nzima, la sivyo aache kazi. Kuhusu pikipiki, barua haina neno.

"Mama Shimwa, mwalimu anaheshimiwa," direkta alimwambia. "Maji utachota ingine."

Akiondoka, nani atachota? Ameuliza, hakuna aliyejitolea. Hilo linamtisha kuliko kukosa kazi.

Félicité anamimina bidoni, anafunika pipa, anajifuta uso kwa kitenge.

"Nitamuomba msamaha, kwa sababu nilimuaibisha mbele ya wanafunzi wake. Halafu nitawaambia watoto sababu gani Shimwa hakumaliza la tatu. Wakinifukuza, wanifukuze. Watoto watakuwa wamesikia."

Anaweka ngata kichwani, anashika bidoni tupu na kushuka tena bombani. Zimebaki tano.