Hebu Nipime Mwanga

Mpiga picha za pasipoti, jirani yangu wa dukani, hana unywele hata mmoja kichwani, lakini kitana hakimtoki mfukoni. Kila mteja atamnyoosha kola, atamchana, atamwambia, "Tulia, mwanangu, usifumbe macho." Mimi nashona upande wa pili wa ukuta wa mbao, namsikia kutwa, na kupitia nyufa namwona. "Unasafiri? Kazi gani? Huyo tajiri umeongea naye mwenyewe?" Na anayemsindikiza mteja hukalishwa yeye kwanza: "Hebu nipime mwanga." Picha hizo za kupimia hazitupi, huziandika tarehe, akazitia kwenye kopo la biskuti. Mimi nilidhani mashine yake imezeeka tu.

Juzi aliingia bwana mmoja nadhifu na wasichana watatu, akawajibia kila swali, hata majina yao. "Kaa, bwana, nipime mwanga." Bwana akakataa. Jirani yangu akambembeleza, kitana mkononi. Bwana akaficha uso kwa kiganja, akafoka kwamba wanachelewa, twendeni. Wawili wakainuka. Wa tatu hakubanduka kwenye stuli. "Kaka, wewe picha tu unaiogopa. Sisi unatupeleka wapi?" Wenzake wakaketi tena. Bwana akatoka peke yake, mbiombio.

Jioni, wasichana walipokwisha kwenda kwao, nilimuuliza mashine hiyo ataitengeneza lini.

"Ina nini?" akasema, akijichana kipara. "Mwanga inajipimia yenyewe."