Dua ya Kulalia

Binti yangu alikuwa akilala mchana tu, chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, juu ya gunia la vipande vilivyobaki. Cherehani inapiga kelele, wateja wanagombania sare za watoto wao, redio ya jirani inanguruma, na yeye amelala fofofo. Usiku nyumba ikinyamaza, macho yake yanabaki wazi hadi alfajiri.

Ana selimundu. Amezaliwa nayo. Maumivu yanashika mifupa ya miguu, ya mikono, mara nyingine kifua, yanakuja yanapotaka na kuondoka yanapotaka. Majirani zetu hapa mtaani Gitega wakimwona anachechemea humwambia neno letu la kila siku, ihangane, yaani vumilia, naye huwaitikia kwa adabu. Mimi neno hilo linanikera. Mtoto wa darasa la tatu avumilie mpaka lini? Lakini sina neno jingine la kuwapa, basi nakanyaga cherehani yangu na kununa.

Mama yake anafanya kazi kiwandani Masoro. Anatoka kabla ya jua na kurudi limeshazama, kwa hiyo mtoto akiugua mchana ni wangu. Daktari alikuwa ametueleza wazi: asipolala usiku maumivu humrudia upesi, na yakimrudia hulala kidogo zaidi. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Vipindi vya kuumwa vilianza kusogeleana. Alikonda, akaacha kuruka kamba na wenzake, na ukimuuliza anajibu "iko sawa" huku akitazama pembeni. Niliogopa. Sisemi wasiwasi, nasema hofu, ile inayokukausha mate ukiwa unapima kiuno cha mteja. Niliogopa kwamba tunampoteza, na kwamba litatokea nikiwa nimekaa palepale nashona ukosi wa shati la mtu.

Tulijaribu kila kitu. Maziwa ya moto, mafuta ya kukanda, taa iwake, taa izimwe. Mama yake alilaumu kelele za barabarani. Mimi nililaumu ule usingizi wa mchana, na siku moja nikamfukuza chini ya meza. Jioni yake maumivu yakamkamata kifuani. Sikurudia tena.

Tulipokwenda kliniki, nesi aliuliza kuhusu usingizi. Kwetu mzazi ndiye hujibu, mtoto huangalia viatu vyake. Nikaanza kueleza, nesi akaninyanyulia kiganja.

"Buretse, papa. Ngoja kidogo, acha yeye mwenyewe aseme." Akamwinamia. "None se, mwana wanjye, haya mwanangu, mchana unalala, usiku hapana. Juu ya nini?"

Binti aliniangalia kwanza. Nikamwashiria aseme.

"Mchana hatusemagi dua," alisema.

"Dua gani?"

"Ya kulala. Usiku papa anasema ni lazima. Nasema, halafu nakataa kufunga macho, juu ile dua inasema nakufa."

Nilitaka kucheka. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Katika nyumba yetu hakuna anayelala bila dua. Baba yangu alinirithisha hiyo pamoja na cherehani. Naisoma kwa Kiarabu tangu nikiwa na meno ya utoto. Maana yake sikuwahi kuuliza.

Nilitoka kliniki damu ikinichemka, nikamburuza mtoto hadi madrasa. Mwalimu wake, kijana bado, alikuwa anafuta ubao.

"Umemfundisha nini mwanangu?" nilifoka.

"Salamu kwanza, mzee wangu," alisema. Tukasalimiana, mimi nimeuma meno. Kisha akanieleza. "Nimewafundisha maana, wasikariri tu kama kasuku. Ukilala roho iko kwa Mungu, ukiamka amekurudishia, nawe unamshukuru kwa dua ya kuamka. Ndiyo tunasema kwa jina lake tunakufa na kwa jina lake tunaishi. Kwani wewe, mzee, ulikuwa unafikiri unasema nini?"

Nilikwenda kugomba, nikatoka nimepoa kama uji uliosahauliwa.

Njiani binti alinishika mkono, akaniambia lililobaki. Mara ya mwisho alipolazwa hospitalini, kitanda cha jirani kilikuwa na msichana mwenye ugonjwa kama wake. Jioni mama wa yule msichana alisoma naye dua hiyohiyo. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka jipya. Mimi na mama yake tulimwambia kwamba mwenzake amehamishwa.

"Lakini viatu vyake vilikuwa bado pale, papa. Chini ya kitanda."

Nikainama palepale kando ya barabara, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Nilipoweza kusema, nilimwambia kwamba ipo dua ya pili, ya kuamka, ya kumshukuru Mungu kwa kuturudishia uhai, na kwamba hizo mbili huenda pamoja. Akafikiri kidogo.

"Na nisipoamka, nani atanisemea ya pili?"

Ningeweza kumwambia kwamba ataamka tu, kama tulivyomwambia kwamba mwenzake amehamishwa. Ulimi ulikataa. Nilikuwa naogopa kuliko yeye, na nadhani alijua.

"Wewe lala," nilisema. "Mimi nitakuwa macho. Ukiamka, useme ile ya pili kwa sauti, nikusikie."

Tangu siku hiyo analala. Si kila usiku, na maumivu hayajaondoka wala hayataondoka, lakini vipindi vimeanza kuachana, na juzi nilimwona na kamba mkononi. Aliyekosa usingizi sasa ni mimi. Mama yake ananiambia niache upuuzi, halafu namsikia naye anageuka upande huu na huu. Maneno niliyoyasema maisha yangu yote bila kuyafikiri yananikwama. Nayasema, kisha nakodolea macho bati la juu.

Kila alfajiri nasimama nyuma ya pazia la chumba chake, roho mkononi, nikingoja sauti.

Wiki iliyopita sauti haikuja. Adhana ilikuwa imekwisha, mama yake ameshatoka kwenda Masoro, mwanga unaingia, kimya. Nikashika pazia, mkono ukakataa kulivuta. Nikainama. Chini ya pazia niliviona viatu vyake, vimepangwa vizuri kando ya kitanda.

"Papa?" Sauti ilikuwa ndogo. "Uko hapo?"

"Niko."

"Nimeisema kimoyomoyo. Najua usiku hulalagi juu ya kuningoja. Nilifikiri leo umelala, sikutaka kukuamsha."

Nikafungua pazia. Alikuwa ameketi kitandani, nywele zimemsimama, anasugua goti.

"Sema tena," nilimwambia. "Kwa sauti."