Mipekani Miwili ya Ordin

Ordin Kluesner alikuwa na miti miwili ya pekani, zile kokwa tamu zenye mafuta, nyuma ya nyumba yake, na alikuwa ameipa majina. Mmoja Mume, mwingine Mke. Aliiagiza kwa posta miaka kumi na mitatu iliyopita, aina ile ya kaskazini inayovumilia baridi yetu ya Iowa na kuiva mapema. Kila mwisho wa Mei ilitoa maua. Kila Oktoba haikutoa kitu.

Nayajua haya kwa sababu dirisha la jiko langu linatazama uani kwao. Mimi si mpelelezi, lakini vyombo lazima vioshwe.

Kabla ya kustaafu, Ordin alikuwa fundi wa mashine za kukaushia mahindi. Ni mtu mrefu, kanisani hasikiki, uani hanyamazi. Watu wakimwambia pekani ni miti ya joto la Texas, anawajibu kwamba kando ya Misisipi, dakika ishirini kutoka hapa, pekani za porini zilikuwepo kabla babu zetu hawajashuka melini. Ni kweli. Ila hizo za porini zinazaa, zake hazizai.

Mkewe, Donelda, ana nyanya zake, na mti mmoja ulikuwa unazinyima jua. Mwezi wa nne mwaka huu nikamsikia, nami nimefunga dirisha.

"Oktoba hii nisipotia pekani mdomoni, Ordin, iliyotoka kwenye miti hii, Garrett anakuja na msumeno. Yote miwili chini!"

Garrett ni mkwe wao. Anaupenda ule msumeno wa injini kama wengine wanavyopenda mbwa.

Ordin akaja kwenye uzio kati yetu. "Jirani, umesikia?"

"Mtaa mzima umesikia."

Hofu ikamfanya afanye jambo ambalo alipaswa kulifanya zamani: akauliza. Akachukua karatasi zilizokuja na miche, akazipeleka kwa bwana mmoja anayepanda pekani maisha yake yote. Yule bwana alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe kila mpekani una maua ya kiume na ya kike, ila hayafunguki pamoja. Unahitaji mti wa aina nyingine, ambao vumbi la maua yake ya kiume linaruka wakati maua ya kike ya mti wako yako tayari. Ya Ordin ilikuwa aina moja. Asili moja, mama mmoja.

"Miaka kumi na mitatu umewaoza ndugu!" Donelda alimwambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ndiyo maana walikuwa wanaoneana haya!"

Mwisho wa Mei, Ordin akaenda mtoni, akarudi na mfuko wa karatasi uliojaa ile mikia ya maua ya kiume ya pekani za porini. Akaitandaza juu ya magazeti, kwenye meza ya kulia chakula ya Donelda. Kesho yake vumbi la manjano lilikuwa hata kwenye siagi. Nikafunga madirisha yangu yote, maana binti yangu wa kati ana pumu. Halafu nikatoka kwenda kushika ngazi, kwa sababu mzee wa miaka sabini na mbili alikuwa anapanda juu na soksi iliyojaa lile vumbi kwenye ncha ya fimbo, na hakuna mwingine aliyeona hatari.

"Usiachie!"

"Nimeshika! Shuka wewe!"

"Tawi moja tu."

"Ulisema hivyo matawi manne yaliyopita, Ordin!"

Akaipigapiga ile soksi kwenye matawi ya chini ya mti wa upande wetu. Kwa ule mti wa pili, nilikataa kuhamisha ngazi.

Mwezi wa sita vikatokea vijitunda kama njegere. Vingi vikadondoka. Kindi wakala sehemu yao. Oktoba ilipoingia vilikuwa vimebaki kumi na kimoja, vimejifunga ndani ya maganda ya kijani, na redio ikatangaza jalidi kali, umande wa kuganda, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ganda likipigwa na jalidi kabla halijapasuka, halifunguki tena. Garrett alikuwa anakuja Jumamosi hiyo hiyo.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Ordin alisimama chini ya mti na kofia yake ya masikio, akiangalia juu. Maganda kumi yalikuwa yamefunga. Moja lilikuwa limepasuka vipande vinne, na pekani yenyewe inaonekana katikati, ndogo, ya rangi ya kahawa yenye michirizi. Akaiangusha kwa fimbo. Garrett alikuwa ameshashusha msumeno garini.

Donelda akaipasua kwa koleo, akatia nusu mdomoni. Akatafuna. Sote tukamtazama taya.

"Ndogo," akasema.

"Ndogo," Ordin akakubali.

Akala na nusu ya pili, hakumpa mtu. "Ina mafuta. Tamu kuliko za dukani." Akafuta mikono kwenye aproni. "Garrett, kata huyo wa kwenye nyanya. Huyu mwache."

Nilidhani Ordin atalia. Badala yake alikubali upesi mno, na Donelda akamkazia macho. "Umefanya nini?"

Ikabidi aseme. Tangu Agosti alikuwa ameagiza mche wa aina nyingine, mgeni asiyehusiana na huyu hata kidogo, na ulikuwa umefika kwa posta wiki ile.

"Utazaa wewe ukiwa na miaka mingapi?"

"Themanini na mbili. Ukiwahi."

"Na unaupanda wapi? Maana hapa kwangu hapana."

Ordin akaniangalia mimi. Nikakumbuka kwamba Agosti aliniuliza, hivi hivi tu, kama uani kwangu kuna jua asubuhi na jioni, nami nikajibu lipo tele.

Tuliupanda uani kwangu siku ile ile, mita tano kutoka bomba la maji machafu. Nilipima mwenyewe, mara mbili, kabla sijamruhusu kuchimba.