Damu ya Daktari Prause

Darlene Kivisto aliomba kazi katika maabara ya Daktari Prause, mjini Duluth, kwa sababu moja tu: kumwangusha.

Alipokuwa na miaka ishirini na tisa hedhi yake ilikatika miezi minne. Damu yake ikapimwa kwa Prause, na majibu yakaja na saini yake: kingamwili, wale askari wa mwili, wamegeuka na kuzishambulia ovari. Akapewa vidonge vikali vya kuwatuliza. Alivimeza miaka miwili. Uso ukamvimba, mfupa wa nyonga ukafa, na mumewe Royce, aliyetaka watoto, akafungasha akaondoka. Ndipo daktari mwingine akagundua kwamba shida ilikuwa tezi ya shingo. Ovari zilikuwa nzima siku zote. Wakati huo Darlene anatembea kwa fimbo, na Royce ana mapacha kwa mke mwingine.

Akarudi shule, akasomea kazi ya maabara. Prause hakumtambua. Angemtambuaje? Alichowahi kukiona ni kichupa chake cha damu.

Miaka sita Darlene aliitikia "Ndiyo, Daktari," moyo ukimchemka. Kipimo kilikuwa hivi: kipande chembamba cha ovari ya nyani juu ya kioo, kinamwagiwa majimaji ya damu ya mgonjwa, kisha rangi. Kikiwaka kijani, mtu anaumwa. Darlene akagundua kwamba protini za kawaida za damu zilinata tu kwenye kipande kile, hata za mtu mzima wa afya. Akajaribu kukipaka protini nyingine kwanza, mpaka penye kunata pote pakajaa. Mng'ao wa uongo ukatoweka. Walioumwa kweli wakabaki waking'aa, nao walikuwa wachache mno.

"Kipimo changu kina miaka ishirini," Prause alimjibu alipomwonyesha. "Wewe osha vioo, mama."

Akaosha.

Wakaguzi wa maabara walipokaribia kuja, Darlene aliomba damu ya wanaume ishirini wa pale kazini, akisema ni ya majaribio tu. Prause, kwa kujionyesha, akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Siku ya ukaguzi akaketi kwenye hadubini, asome vioo vilivyoandikwa namba tu, kwa njia yake ya zamani, akidhani ni vya wagonjwa.

"Namba saba?" Darlene akauliza.

"Lo! Huyu hana ovari tena. Aanze vidonge leo leo."

Darlene akafunua orodha. "Namba saba ni wewe, Daktari."

Mkaguzi mmoja akapaliwa na kahawa.

"Upuuzi! Mimi mwanaume!"

"Najua. Wewe huna ovari. Mimi ninazo, na zilikuwa nzima siku uliponisainia haya." Akamwekea mezani majibu yake ya zamani, yamechakaa kwenye mikunjo.

Prause aliyasoma mara mbili.

Kipimo cha zamani kikafutwa, cha Darlene kikashika nafasi, na Prause akaambiwa astaafu. Kabla hajaondoka, wanawake mia mbili na kumi na wawili walipaswa kuandikiwa barua ya kuwaambia kwamba majibu yao yalikuwa ya uongo. Karani wa ofisi akataka kuzipiga muhuri wa saini yake.

"Hapana," Darlene akasema. "Atasaini kwa mkono wake. Na kila jina alisome kwa sauti."

Alivuta kiti, akaketi mbele yake. Kwenye barua ya tisini Prause akasugua vidole.

"Darlene, nakuomba. Mkono unauma."

"Nyonga yangu pia," akamjibu, akamsogezea iliyofuata.