Mapipa Nyuma ya Maabara

Kuna Jumatatu moja ya Januari ambayo nimeshindwa kuizika, mwanangu, ingawa tangu hapo nimezika watu wengi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuo kikuu hapa Kisangani, msichana wa Mangobo, wa kwanza kwetu kuvaa koti jeupe la maabara. Ukiniona leo ninavyogombana na fimbo yangu huwezi kuamini, lakini wakati huo nilitembea kana kwamba jengo lote lilikuwa la baba yangu.

Maabara ile ilikuwa na fundi wake, Papa Asumani, mzee wa familia ya Waislamu wa zamani wa mji huu. Yeye ndiye aliyeangalia mtambo wa kutengeneza maji safi ya majaribio. Mtambo huo huchemsha maji mpaka yawe mvuke, kisha mvuke unapozwa kwa maji baridi ya bomba yanayopita nje ya mrija. Ili upate ndoo moja ya maji ya majaribio, ndoo nyingi za maji ya kupozea hupita na kuishia mtaroni, hayajaguswa na kitu, yamepata uvuguvugu tu. Papa Asumani hakuweza kulivumilia jambo hilo. Baba yake alimfundisha kutawadha kwa birika moja dogo hata akiwa amesimama ukingoni mwa mto, na mtu aliyelelewa hivyo huumia akisikia maji yanakwenda bure. Basi alipitisha mpira wa maji dirishani, akapanga mapipa manne nyuma ya jengo, mawili yakiwa na mifuniko. Wasichana wa bweni tulichota hapo. Ya kwenye mapipa ya mifuniko tulichemsha tukanywa, mengine tulifulia, na maji ya povu tulioshea vyoo. Akiba haiozi. Bomba lilipokauka, na lilikauka mara kwa mara, mapipa yale yalitushika siku tatu, nne.

Ikatangazwa kwamba wageni wanakuja kutoka Kinshasa kuona kama maabara yetu inastahili vifaa vipya. Mimi nikapewa kusimamia usafi. Jumatatu hiyo nilizunguka jengo, nikayaona mapipa yenye kutu, na nguo za wenzangu zimeanikwa juu ya mpira, nikaona haya. Haya ya nini, sijui mpaka leo. Niliita wenzangu wawili tukayapindua yote manne, maji yakapotelea kwenye nyasi, tukayaviringisha mpaka nyuma ya ghala. Papa Asumani alitoka na chupa mkononi.

"Papa, wageni watafikiri tuko maskini," nikamwambia.

"Bon," akasema. "Na sisi tuko nani?"

Nilicheka. Nikamwambia pia kwamba Kisangani hakuna wa kulilia maji, mto uko pale na mvua iko juu. Alizitazama zile nyasi zilizolowa, akarudi ndani. Wageni walifika Jumanne, wakakaa muda wa kumaliza soda, wakaondoka. Nyuma ya jengo hawakufika.

Jumatano umeme ulikatika mji mzima na pampu za maji zikanyamaza. Mvua nayo ilikuwa imegoma. Kufikia Ijumaa hapakuwa na ndoo yenye maji bweni zima, mto ulikuwa mbali kwa mwenye dumu na miguu, na kilichobaki karibu ni kijito cha bondeni, chini ya vyoo vya mtaa. Kila mtu alijua kijito kile ni cha namna gani. Zamu ya kuteka ilikuwa yangu. Nilisema nina mtihani, na kweli nilikuwa nao, lakini Furaha naye alikuwa nao. Furaha ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Alitoka Ubundu, mama yake alimtumia samaki wa moshi kwa treni, na nusu ya samaki hao niliwala mimi. Alichukua dumu akaenda badala yangu. Maji aliyoleta tuliyachemsha vizuri, lakini yeye, kabla ya kupanda kilima, alikuwa amekunywa viganja viwili kule kule. Aliniambia mwenyewe, akicheka, kwamba kiu ilimshinda.

Jumamosi maji ya bomba yalirudi. Hesabu siku hizo, mwanangu, uone kama mapipa yasingetufikisha.

Jumapili asubuhi alianza kuhara na kutapika. Sitakueleza kipindupindu. Tulimpakia kwenye toleka, zile baiskeli za abiria, mimi nikikimbia kando nimemshika mgongo asianguke. Hospitali walitafuta mshipa wa kumwekea dripu wakaukosa. Kabla ya saa saba mchana alikuwa amekufa, na umri wake miaka ishirini na miwili. Niliporudi bweni nilikuta bomba la ukumbini linamwagika lenyewe, mtu amelifungua akaondoka, maji yamefika mlangoni kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliwaandalia wageni, mwenyeji akafa.

Baada ya mazishi nilimfuata Papa Asumani nikamwomba anisamehe.

"Miye nikusamehe nini?" akasema. "Ile maji haikukuwaka yangu. Ilikuwaka ya ule mutoto."

Yaani maji yale hayakuwa yake, yalikuwa ya Furaha. Hakunikaripia zaidi, na heri angenikaripia. Niliyarudisha mapipa peke yangu, naye akafunga mpira. Nilipomaliza masomo nikabaki maabara hiyo hiyo nikifundisha, na alipofariki nikayalinda mimi. Lakini kila mkuu mpya alikuwa na wageni wake. Mapipa yaliondolewa, yakarudi, moja likakatwa likawa jiko la kuchomea nyama. Mwishowe mtambo wenyewe ulikufa na hakuna aliyeulilia. Baadaye lilijengwa tangi la kukinga mvua kando ya bweni la wasichana, kwa hotuba na utepe. Wiki iliyopita nilikwenda kuliangalia. Koki yake imekatika, maji yanavuja usiku na mchana, na wanafunzi wameweka matofali ya kukanyagia ili wasichafue viatu. Binti mmoja alikuwa anafua hapo, beseni limejaa na maji yanapita juu. Nikamsimulia habari za Furaha. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole, Mama," akaniambia. "Mais maji inaweza kosa huku kwetu? Tuko na fleuve."

Mto uko pale: ni maneno yangu mwenyewe, mwanangu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwangu lilikuwa hivyo hivyo, tena sikufa mimi.

Kwa hiyo sikudanganyi kwamba chuo kitabadilika. Nimezeeka nikingoja na nimechoka. Nakwambia wewe tu, unayenisoma. Kinga maji yanayopita mikononi mwako, ya kusuuzia yafulie, ya kufulia yaoshee choo, ya mvua yawekee chombo na mfuniko, na koki iliyokatika ifunge hata kwa kitambaa, usingoje mradi. Watakaokucheka wacheke. Mficha uchi hazai, na mwenye kuficha ndoo zake mbele ya wageni atazikuta kavu wakishaondoka. Unapomwaga maji hujui unamwaga ya nani. Na zamu yako ikifika, nenda mwenyewe.

Mungu akuweke, mwanangu, wewe na unayelala naye chumba kimoja. Akupe miaka aliyoikosa Furaha. Usingizi wangu asikupe.