Mahali Jua Halifiki

Wiki ya kwanza ya likizo baba alisema kuna watu wa Maganzo watakuja kuniangalia. Hakusema zaidi. Kwetu Usukumani binti mweupe huleta ng'ombe wengi kuliko mweusi, na nyumbani mweupe ni mimi. Dada yangu mkubwa ni mweusi, hajapata mchumba, na anatamani sana kuolewa. Mimi natamani kurudi shule, nimalize darasa la kumi.

Hata shuleni, mwalimu wetu wa Kizungu akipiga picha ya kwaya hunishika bega na kuniweka mbele. Weusi hukaa nyuma. Nilikuwa nafurahi. Naona aibu kuandika hivyo.

Basi nikaanza kujitia weusi. Nilipalilia pamba mchana kutwa, kichwa wazi. Asubuhi ya wageni nikachanganya masizi na samli, nikajipaka usoni, shingoni na mikononi. Dada akanikuta jikoni.

"We, umeungua?"

"Sitaki wanitake."

Alicheka. "Mimi kila nikioga najisugua jiwe mpaka natoka damu. Wewe unajipaka masizi! Nipe mimi basi hiyo ngozi."

Walikuja wanaume watatu na shangazi wa bwana aliyetaka kunioa. Nikapiga magoti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mama."

Mmoja akamgeukia baba. "Mzee, tuliambiwa mweupe. Huyu mbona kama kitako cha chungu?"

Baba alinitazama kana kwamba nimemwibia. Lakini yule shangazi akasema, "Njoo, mwanangu." Akapandisha mkono wa gauni langu mpaka kwapani, akalamba kidole, akasugua. Kisha akauinua mkono wangu juu, wanaume wale waone.

"Huku jua halifiki. Tazameni wenyewe! Wasichana wa shule, wajanja hawa!"

Wakacheka wote, hata baba. Dada alikuwa amesimama hapo na maji ya kunawa. Mwanamume mmoja akamwuliza, "Na wewe, tukufunue wapi?" Wakacheka tena. Dada akaendelea kuwamiminia maji, mmoja baada ya mwingine.

Walipoondoka, baba akaniita niandike barua ya shule, maana yeye hajui kuandika. Alisema, nikaandika: hatarudi, anaolewa baada ya mavuno.

"Andika, binti yangu amekubali mwenyewe."

Nikasimamisha kalamu.

"Andika, mama," alisema, kwa upole kabisa.

Nikaandika.